Mililita nne kwa kila bidoni

Mkataba wangu wa kwanza katika kazi ya maji, hapa Goma, ulikuwa wa miezi mitatu: kibarua wa kutia klori kando ya Ziwa Kivu. Saa kumi na mbili asubuhi bidoni, yaani madumu ya maji, ziko foleni. Unavuta mililita 4 kwa bomba la sindano, unatia kwenye bidoni ya lita 20, unachora mstari daftarini, unasema, "Mama, ungoje nusu saa ndiyo munywe." Nyingine. Ikifika saa nne mkono unajiendea wenyewe, kichwa kiko nyumbani.

Mji umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, mvua inazama, mto hakuna. Bomba likikauka watu wanarudi ziwani, na kipindupindu kiko huko.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha vibarua. Huwa hakosi msomi mmoja wa kuniambia, "Shefu, hii hata mtoto anaweza." Anaweza kweli. Ila dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 za klori katika kila mililita, kwa hiyo mililita 4 zinaipa kila lita miligramu 2. Uchafu unakula sehemu yake. Baada ya nusu saa tunataka ibaki karibu miligramu 0.5 kwa lita, iyalinde maji hadi nyumbani, ndani ya bidoni ambayo pengine haijaoshwa. Usiku mvua ikishusha matope ziwani, 4 haitoshi tena. Hapo tunajaza ndoo kadhaa, kila moja na kipimo chake, tunangoja, tunachota kidogo, tunatia kidonge kinachogeuza maji rangi ya waridi kuonyesha klori iliyobaki, tunasoma, tunachagua.

Anayeona kwanza kwamba maji yamebadilika si mimi ninayepita mara moja kwa wiki. Ni yule aliyetazama bidoni mia mbili jana.

Sisemi kazi inapendeza. Malipo ni madogo, klori inababua vidole, harufu unalala nayo. Mwezi wa pili nilichoka, nikaandika 0.5 siku nne mfululizo bila kupima. Msimamizi hakufoka. Alifungua daftari akauliza, "Na mvua ya Jumanne ilinyesha wapi?"

Tangu hapo nasoma madaftari kama yeye. 0.3, 0.6, 0.2: huyo anapima. 0.5 kila siku: nashuka ziwani mwenyewe.

Kijana mmoja aliyeanza juzi anaandika pembeni mwa ukurasa: "mvua", "upepo", "maji ya kahawia". Sikumwagiza. Nimemwomba aniazime daftari.