Je, wajua ni kwa nini volti inaweza kuamua sauti ififie haraka au polepole?

Ukigonga kibao kirefu cha amadinda, ile marimba ya Buganda yenye vibao 12, mlio hukawia kidogo kabla ya kupotea, lakini ukigonga kibao kifupi mlio hukatika upesi. Endingidi, fidla ya uzi mmoja, haina mshindo wa aina hiyo, kwani sauti yake huingia taratibu na hudumu muda wote upinde unapotembea. Mwendo huo wa sauti kupanda, kushuka, kudumu na kufifia ndio ambao mafundi wa sinthesaiza, yaani ala ya muziki inayotengeneza sauti kwa umeme, huuita envelopu, nao hutusaidia sana kutambua chombo kinacholia.

Sinthesaiza ya analogi haina kibao wala upinde. Oskileta yake, yaani saketi inayotoa mlio, hulia bila kukoma, kwa hiyo inahitaji saketi nyingine ya kufungua na kufunga sauti. Mwaka 1965 mtunzi Vladimir Ussachevsky alimweleza Robert Moog, mhandisi aliyeunda sinthesaiza, kazi alizotaka saketi hiyo ifanye, na hatua nne nilizozitaja zimekuwa kawaida tangu wakati huo. Kujiundia vifaa hivi nyumbani si jambo geni kwetu: Brian Bamanya wa Kampala, anayejulikana kama Afrorack, alijitengenezea sinthesaiza nzima ya moduli, yaani ya vipande vinavyounganishwa kwa waya, kwa sababu zile za kununua zilikuwa ghali mno.

Kiini cha saketi ni kapasita, ambayo ni kama jerikani iliyowekwa chini ya bomba: kimo cha maji ndicho volti, na maji yanayoingia ndiyo mkondo. Katika muundo rahisi, koki ni rezista inayozungushwa kwa mkono. Kapasita ya maikrofaradi 1 ikijazwa kupitia rezista ya megaohmu 1, hufika asilimia 63 ya volti kamili baada ya sekunde 1. Muundo huo unafanya kazi vizuri, lakini mwanamuziki hawezi kuzungusha koki upya kwa kila noti.

Hapo ndipo rezista inapoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na amplifaya kama LM13700, ambayo mkondo wake wa kutoka hufuata mkondo mdogo unaoingizwa kwenye mguu wake wa udhibiti. Tuseme envelopu inapanda kutoka volti 0 hadi 5 katika kapasita ile ile ya maikrofaradi 1. Mkondo wa maikroampea 1 utaijaza kwa sekunde 5, na ule wa miliampea 1 kwa milisekunde 5. Mkondo umezidishwa mara 1000, na sikio linahitaji upana huo wote. Transista, kifaa kinachoongoza mkondo kwa volti ndogo, ndiyo inayolisha mguu huo, nayo hurahisisha kazi, kwa kuwa kila milivolti 60 zinazoongezwa kwenye besi yake, yaani mguu wake wa kupokea udhibiti, huzidisha mkondo takriban mara 10. Kwa hiyo milivolti 180 zinatosha kuvuka kutoka mwendo wa kinyonga hadi mshindo wa ngoma.

Unyeti huo una gharama yake. Transista ikipata joto, volti inayohitaji kwa mkondo ule ule hupungua kwa takriban milivolti 2 kwa kila digrii. Chini ya paa la mabati, chumba chenye nyuzi 18 alfajiri kinaweza kufika 28 alasiri, na tofauti hiyo ya milivolti 20 hufanya envelopu iende zaidi ya mara mbili ya kasi ya asubuhi, ilhali hakuna aliyegusa chochote. Dawa yake ni kuweka transista mbili zinazofanana, zikiwa zimegusana mgongo kwa mgongo, ili badiliko la moja lifutwe na la mwenzake. Naisisitiza hatua hii kwa sababu ni rahisi kuiruka, na anayeiruka atairekebisha saketi yake kila siku.

Kapasita nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Zile za elektroliti zinazopatikana katika redio mbovu huvuja, na mvujo unaokaribia maikroampea 1 humeza mkondo wote wa envelopu ya polepole. Ya plastiki inafaa zaidi. Baada yake kuwe na opampu (amplifaya ndogo ya chipu) ya TL072, ambayo huisoma volti karibu bila kuichota.

Sehemu inayobaki ni kumbukumbu ndogo: komparata, saketi inayolinganisha volti mbili, hutambua kwamba volti 5 zimefikiwa, kisha flipflopu, saketi inayokumbuka hali moja kati ya mbili, huiamuru amplifaya ilenge kiwango cha kudumu hadi kidole kiachie kitufe.

Mimi huanza kwa kuunganisha volti ya kinanda, ambayo kwa kawaida hupanda volti 1 kwa kila okteva, na udhibiti wa kushuka. Ikipunguzwa hadi milivolti 18 kwa okteva, muda wa kushuka hukatwa nusu kila okteva, na kwa sikio langu hiyo ni nyingi mno. Kwa milivolti 9 hubaki takriban asilimia 70 ya muda, na noti za juu hukatika kama kibao kifupi cha amadinda.