Je, wajua kwa nini wakubwa wa Marekani kila Machi wanaenda kutembea juu ya daraja moja kule Selma?

Kila mwaka mwanzoni mwa mwezi wa tatu picha ni zilezile, wabunge na maseneta wamevaa suti, wameshikana mikono, wanatembea polepole juu ya daraja la chuma kwenye mji mdogo tu unaitwa Selma, jimbo la Alabama. Clinton alienda 2000, ndo rais wa kwanza kufika pale akiwa madarakani. Obama akaenda 2015, ikiwa miaka 50 tangu tukio lenyewe, na George W. Bush alikuwepo. Kamala Harris alienda 2022 na tena 2024, Biden 2023. Sasa mtu anauliza, hawa si wangesoma tu historia wakiwa Washington, kuna ulazima gani wa kupanda ndege mpaka kule?

Mi naona jibu linaanzia kwenye umbo la daraja. Edmund Pettus Bridge lina mgongo, yaani unapanda kwanza alafu katikati ndo unaanza kushuka, kwa hiyo ukitokea upande wa mjini huoni kilichoko ng'ambo mpaka ufike pale juu kabisa. Hiyo kitabu hakikupi, miguu yako ndo inakupa.

Jumapili tarehe 7 Machi 1965 watu kama 600 walipanda ule mgongo wawili wawili, mbele wakiwa John Lewis, kijana wa miaka 25, na Hosea Williams. Walipofika juu ndo wakawaona askari wa jimbo wamejipanga barabarani wanawasubiri, na wengine wako juu ya farasi. Lewis alikuja kusimulia kwamba Williams alichungulia mtoni akamuuliza, unajua kuogelea? Akasema hapana, na Williams naye akasema hata mimi. Mgongoni Lewis alikuwa na begi lenye vitabu viwili, tufaha, chungwa, mswaki na dawa ya meno, maana alijiandaa kwenda kulala jela. Jela hakufika. Alipigwa rungu la kichwa fuvu likapasuka, mabomu ya machozi yakarushwa, watu wakakimbizwa na farasi mpaka karibu na kanisa la Brown Chapel walikotokea. Mama mmoja, Amelia Boynton, aliyekuwa akihangaika tangu miaka ya 1930 kuandikisha watu weusi wapige kura, alipigwa mpaka akazimia. Huyo mama mwaka 2015 alivuka daraja lilelile kwenye kiti cha magurudumu, umri wake umeshapita miaka 100, Obama kamshika mkono. Nikiiangalia ile picha huwa naganda kidogo.

Na walichokuwa wanadai ni kitu ambacho sisi wengi tunakichukulia kawaida, kujiandikisha kupiga kura. Kwenye kaunti ya Dallas, ambayo Selma ndo makao yake, weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi lakini walioandikishwa ni kama asilimia 2 tu ya waliostahili. Ofisi ya kuandikisha inafunguliwa siku mbili kwa mwezi, ukifika unapewa mtihani, ueleze kifungu cha katiba, na anayeamua umefaulu au umefeli ni yuleyule karani ambaye hataki uandikishwe. Ukisimama kwenye foleni unaweza kufukuzwa kazi. Siku chache kabla ya lile daraja, mwezi wa pili, kijana Jimmie Lee Jackson alikuwa amepigwa risasi na askari kwenye mji jirani wa Marion akafariki, ndo hasira iliyowafanya waseme tutatembea kwa miguu mpaka Montgomery kwa gavana, kilomita kama 87.

Picha za kipigo zikaonekana kwenye TV nchi nzima usiku uleule, na siku 8 baadaye Rais Johnson akasimama mbele ya Bunge kudai sheria. Tarehe 25 Machi waandamanaji kama 25,000 wakaingia Montgomery, na tarehe 6 Agosti Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikasainiwa. Miezi mitano tu kutoka kwenye damu mpaka kwenye saini!

Hapa kuna kitu cha kwetu pia. Agosti 1963 pale Washington, Lewis alisema kwenye hotuba yake kwamba "mtu mmoja, kura moja" ni kilio cha Afrika na ni kilio chao pia. Alafu mwaka 1964 akaja mwenyewe Afrika, na Nairobi akakutana na Malcolm X, hiyo ni miezi michache tu kabla ya kupasuliwa kichwa.

Turudi kwenye ziara. Lewis alikuja kuwa mbunge, na kuanzia 1998 akawa anawapeleka wabunge wenzake wa vyama vyote viwili Birmingham, Montgomery na Selma. Kwa hiyo unakuta mbunge anayempinga bungeni yuko naye bega kwa bega, anaonyeshwa kanisa la Birmingham ambalo bomu liliua mabinti wanne Septemba 1963, na anayemsimulia mambo ya daraja ni mtu mwenye kovu kichwani. Mbele ya mtu kama huyo unaanzaje kubisha? Machi 2013 wakiwa kanisani Montgomery, mkuu wa polisi wa mji, Kevin Murphy, alimwomba Lewis msamaha kwa sababu mwaka 1961 polisi wa mji ule hawakumlinda alipopigwa kwenye stendi ya basi, alafu akavua beji yake akampa. Miaka 52 imepita! Murphy hakuwepo kazini 1961 lakini aliona deni ni la ofisi yake.

Ila mwaka huohuo, tarehe 25 Juni, Mahakama ya Juu ikaondoa kiungo muhimu cha ile sheria ya 1965, kwenye kesi iliyofunguliwa na kaunti ya Shelby, hapohapo Alabama. Mwaka 2006 Seneti ilikuwa imeiongezea muda kwa kura 98 kwa 0. Muswada wa kuirudisha, uliopewa jina la Lewis, ulipita Baraza la Wawakilishi Agosti 2021 ukakwama Seneti. Ndo maana mimi nikiona mwanasiasa yuko Selma naenda kwanza kuangalia alipigaje kura kwenye huo muswada.

Lewis alifariki Julai 2020, na tarehe 26 jeneza lake likavushwa darajani kwa gari la farasi, na safari hii ng'ambo askari wa jimbo wakampigia saluti. Daraja lenyewe bado lina jina la Pettus, jenerali wa jeshi lililopigania utumwa, akaja kuwa seneta. Wengi wameomba libadilishwe. Lewis mwenyewe mwaka 2015 aliandika pamoja na mbunge Terri Sewell wa Alabama kwamba jina libaki.