Maji ya Kilimanjaro hayatoki kwenye barafu

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena ile kauli ya barafu. Tulikuwa kwenye kikao cha watumia maji huko Kibosho, tunapanga siku ya msaragambo: kusafisha mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, na kuzungushia uzio chemchemi inayoulisha. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, tunajisumbua bure. Barafu ya kileleni Kibo inaisha. Ikiisha, na maji yamekwisha." Watu wakatikisa vichwa kukubali, na waliokaa nyuma wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Kauli hii inaniumiza kuliko zote kwa sababu mwanzo wake ni kweli. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 11. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Lakini maji unayoyafungulia migomba yako hayakutoka huko.

Kileleni mvua ni haba, ni jangwa la baridi. Mvua yenyewe iko msituni. Upande wa kusini, kwenye mwinuko wa kama mita 2,200, inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Moshi mjini hatufikishi hata 1,000. Udongo wa volkano ulio chini ya miti ile hunywa maji upesi, kisha yanapenya kwenye nyufa za mwamba na kushuka taratibu chini kwa chini. Yanakuja kutokeza huku kwetu: chemchemi za Nsere na Shiri zinazonywesha mji wa Moshi, hata Chemka kule tambarare. Ndiyo maana chemchemi hutoka mwezi wa tisa, mvua ikiwa imekatika zamani. Ongeza ukungu: kuvumwani na ndevu za miti zinazoota matawini huunasa, ukadondoka matone hadi ardhini. Moto unapokula miti ya erika kule juu, tunapoteza mtego huo wa ukungu, na mimi hasara hiyo inanitisha kuliko ya barafu. Barafu yenyewe, sehemu kubwa hugeuka mvuke palepale juani bila hata kuwa maji.

Asiyeniamini atazame Arusha. Mlima Meru hauna barafu ya kudumu, lakini mito ya Themi na Nduruma inashuka kutoka huko. Au atazame huku kwetu: barafu kubwa iliyobaki Kibo iko upande wa kaskazini, ilhali mito mingi iko kusini, na ndugu zetu wa Rombo ndio wanaohangaika na maji. Maji yanafuata msitu na mvua yake.

Mzee nilimjibu hivyo, kwa heshima zote. Barafu hatuirudishi kwa majembe. Msitu na chemchemi viko mikononi mwetu, na anayesema tusubiri barafu iishe anatuvunja nguvu mahali pekee tunapoweza kufanya kazi.

Ziko kauli nyingine tatu ninazokutana nazo vikaoni. "Mti ni mti, bora kijani." Hapana. Bado nakuta mikaratusi imepandwa jichoni pa chemchemi, tena na watu wenye nia njema. Mkaratusi unakua haraka na unakunywa sana. Upande mbali na chanzo, upate nguzo na kuni. Kwenye chanzo, waulize wazee palikuwa na nini: watakutajia mkuyu, watakutajia mringaringa. Na kabla ya kupanda chochote, zuia ng'ombe wasikanyage hapo kwa misimu miwili. Mara nyingi pataota penyewe, na vizuri kuliko miche ya kitaluni.

"Mita 60 ni za mito mikubwa." Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, haikupima ukubwa wa mto. Kijito kinachopita nyuma ya kihamba chako, shamba lako la nyumbani, kimo.

"Msitu ni wa serikali, KINAPA wahangaike nao." KINAPA ndio wasimamizi wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na chanzo cha uchungu huu nakifahamu. Ukanda wa Nusu Maili, kipande cha msitu kinachopakana na vijiji, ulitengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na mbao, na mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa. Mama aliyezoea kuokota kuni pale ana haki ya kulalamika, na malalamiko yake yasikilizwe. Lakini mlima ulipowaka Oktoba 2020, wananchi na wanafunzi walipanda kuzima moto pamoja na askari wa hifadhi, maana walijua maji yao yako wapi. Na mifongo yetu ilichimbwa na kutunzwa na koo zetu kabla ya ofisi yoyote ya maji kuwapo.

Kitu kimoja ninachokiomba kila kikao, hata kama wamechoka kunisikia. Chukueni ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Kila mwezi wa pili na wa tisa, nendeni kwenye chemchemi, hesabuni sekunde ngapi ndoo inajaa, muandike kwenye daftari la jumuiya, mjue kama maji yanapungua. Msipime masika, masika kila korongo lina maji. Kibosho tumekubaliana mwandishi wa daftari awe mjukuu wa yule mzee, na mzee mwenyewe ndiye atakayeshika ndoo.