Kiingilio bure, meza je? Dhana potofu kuhusu usiku wa karaoke

Kila Alhamisi nasimamia orodha ya waimbaji kwenye baa moja hapa Dar es Salaam. Maneno yafuatayo nayasikia kila wiki, na yananiuma, maana karaoke naipenda.

"Kiingilio ni bure, kwa hiyo silazimiki kununua kitu"

Mlangoni hulipi kwa sababu mwenye baa anategemea kaunta. Umeme, wahudumu, fundi wa spika, na kibali cha kupiga muziki hadharani kinachodaiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, vyote vinalipwa na vinywaji. Hata Kobe, Japani, mwaka 1971, mwanamuziki Daisuke Inoue alipowakodishia wenye baa mashine zake 11 za kwanza za karaoke, mteja alitumbukiza sarafu ndipo aimbe.

Juzi watu wanane walishika meza mbili za mbele tangu saa mbili usiku. Waliimba nyimbo kumi na moja. Mezani palikuwa na chupa moja ya maji, nayo ilitoka kwenye mkoba. Mhudumu alipita pale mara nne na daftari lake mkononi, kila mara akiambiwa "bado kidogo". Saa nne wakaja wateja sita, wakatazama huku na huku, wakakosa pa kukaa, wakaenda zao. Mauzo ya Alhamisi yakiendelea hivyo, meneja atarudisha mpira kwenye skrini, na sitamlaumu.

"Wanaosemwa kwamba hawanunui ni wasiokunywa pombe"

Hapana kabisa. Soda, maji ya kaunta, juisi, sahani ya chipsi, yote ni mauzo. Yupo mama mmoja hagusi pombe. Huagiza soda ya tangawizi, baadaye nyingine, na wahudumu wanagombania kumkaribisha. Kama mfuko umekauka, mwambie mhudumu mapema, ukae pembeni, meza ya mbele uwaachie wengine. Wengi wataelewa.

"Mwenye bili kubwa aimbe kwanza"

Kinywaji kinalipia kiti, hakinunui zamu. Noti inayosukumwa chini ya laptopu yangu nairudisha. Ambaye hajaimba hata mara moja hutangulia anayesubiri wimbo wa pili, awe amenunua kreti zima au soda moja.

"Ukifunika kichwa cha maiki kwa kiganja, sauti inakuwa nzito"

Unachopata ni mluzi. Maiki iliyofunikwa hunasa sauti ya spika kirahisi zaidi na kuirudisha tena. Ishike mpini, uisogeze karibu na mdomo. Na usiigonge kuijaribu, sema "moja, mbili" inatosha.

"Rafiki yetu keshaimba, tuondoke"

Hili kwangu ni zito kuliko la vinywaji. Watu kumi wanakuja na mwimbaji wao, wanampigia makofi yeye tu, wimbo ukiisha wanasimama wote kwa pamoja na viti vinakwaruza sakafu. Mwezi uliopita aliyefuata baada ya kundi kama hilo alikuwa kijana aliyejiandikisha saa tatu na kungoja hadi karibu saa sita, akirudia maneno ya wimbo kimoyomoyo. Aliimba mistari miwili akiangalia viti vitupu, akanirudishia maiki, akalipa soda yake. Kila Alhamisi nikifungua orodha namtafuta, na bado hajarudi.