Mazoea, tabia, hulka, silika: yanatofautiana wapi?

Mtu akitia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai kabla hajaionja, huyu atasema ni mazoea, yule tabia, mwingine hulka yake. Kwa maongezi ya barazani haidhuru. Ila maneno haya hayana kina kimoja.

Mazoea hutokana na kurudiarudia tu: mkono unalifuata bakuli la sukari wenyewe, akili iko kwenye mazungumzo. Utafiti wa University College London (UCL), chuo kikuu cha Uingereza, uliotoka 2009 uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza jambo jipya. Wastani ulikuwa siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kufikiri. Makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo zile "siku 21" zinazosambazwa mitandaoni hazina mashiko.

Tabia ni mazoea yaliyokwisha kutolewa hukumu. Hatulitaji neno hili bila kusifu au kulaumu: tabia njema, tabia mbaya. Kupenda chai tamu ni mazoea. Kurudisha kijiko ulichokilamba kwenye bakuli la wote, hiyo ni tabia, na wenzako wataizungumza ukishaondoka. Kwa Kiarabu, lilikotoka, neno hili lina maana ya maumbile, na harufu ya maana hiyo bado tunaisikia kwenye "tabianchi".

Hulka mtu huzaliwa nayo, haijengwi. Mtu hujenga tabia, lakini sijamsikia anayesema amejenga hulka. Mkimya akifundishwa kuhutubia atahutubia vizuri kabisa, kisha atashuka jukwaani na kutafuta kiti cha pembeni.

Silika si ya mtu mmoja, ni ya aina nzima ya viumbe. Watoto wa kasa wakichomoka mchangani usiku hukimbilia upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ndio baharini. Hawakufundishwa na mtu. Mama alitaga, akafukia mayai, akaenda zake. Taa za hoteli zikiwaka pwani, silika hiyohiyo huwapeleka nchi kavu wakafia huko.

Uraibu nao hupenyezwa humu, na hapa kuchanganya maneno kuna madhara. Mvutaji sigara akiikosa, mwili wenyewe unadai: kichwa kinauma, hasira ziko karibu, usingizi haueleweki. Anayemwambia "acha tabia hiyo" anamlaumu kwa jambo linalohitaji matibabu, na mara nyingi matokeo yake ni kwamba ataendelea kuvuta kwa kujificha.