Je, wajua kwa nini ishara ya "maada nyeusi" (maada isiyoonekana inayodhaniwa kujaa kwenye galaksi yetu) ya Gran Sasso bado haiaminiwi?

Chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, kwenye maabara iliyofunikwa na mwamba wenye unene wa mita 1,400 hivi, watafiti wa jaribio liitwalo DAMA wamehesabu vimweko vya mwanga kwa zaidi ya miaka 20. Kimweko hutokea chembe inapogonga fuwele za iodidi ya sodiamu. Na kila mwaka idadi ya vimweko hupanda kidogo kuelekea Juni, kisha hushuka Desemba.

Maada nyeusi ingefanya hivyo hivyo. Jua linazunguka galaksi yetu kwa kasi ya kilomita 230 hivi kwa sekunde, likipita ndani ya maada hiyo isiyoonekana. Ni kama abiria wa bodaboda, ambaye hupigwa na upepo usoni hata siku iliyotulia. Dunia nayo hulizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde. Mwezi Juni mwendo wake hujumlika na ule wa Jua, Desemba huupunguza.

Kitakwimu, ishara hii imevuka sigma 12 (sigma ni kipimo cha jinsi tokeo lilivyo mbali na bahati tu), ilhali wanafizikia hutangaza ugunduzi kwa sigma 5. Mbona basi hawashangilii? Kwa sababu sigma hukuhakikishia tu kwamba kupanda na kushuka huko hakukutokea kwa bahati. Kinachosababisha hali hiyo ni swali jingine kabisa. Joto, gesi ya radoni na chembe za muoni zitokazo angani, vyote hubadilika kwa majira. DAMA wanashikilia kwamba wamevipima na havitoshi kuieleza ishara hiyo.

Vitambuzi vikubwa vya xenoni, kama XENON1T, havikuona kitu. Watetezi wakajibu kuwa xenoni si sodiamu, huenda maada nyeusi inazigonga atomi hizo kwa namna tofauti. Hoja ya haki, kwa maoni yangu. Dawa yake ilikuwa kurudia jaribio kwa fuwele za aina ile ile: ANAIS wakafanya hivyo Hispania, COSINE-100 Korea Kusini. Hawakuiona ishara ya DAMA.

Wengine wakashuku hesabu zenyewe. DAMA huondoa wastani wa kila mwaka kutoka kwenye data yao. Kama mionzi ya kawaida ndani ya kitambuzi inabadilika polepole, kuondoa huko kunaweza kuzalisha wimbi la uongo. COSINE walijaribu njia hiyo kwenye data yao. Wimbi likajitokeza kweli, ila kichwa chini miguu juu: lilishuka pale la DAMA linapopanda.