Hizo nukta nne za HR 8799 tunazipataje

Kila nikimwonyesha mtu picha ya nyota iitwayo HR 8799, ile yenye nukta nne, ambazo ni sayari zake, zimezunguka giza la katikati, swali ni lilelile: hii ni picha kweli au mmechora? Ni picha kweli. Mwanga umetoka kwenye sayari zenyewe, umesafiri miaka kama 130 mpaka ukagonga kamera. Ila usiku unapopiga picha yenyewe huzioni hivyo kwenye skrini, zinajitokeza baadae baada ya kazi ya kompyuta, na kwa kuwa kazi hiyo ndo yangu ya kila siku ngoja niieleze taratibu.

Wengi wanadhani shida ni umbali. Shida kubwa ni nyota yenyewe. Umetembea barabarani usiku likaja lori limewasha fulu, mtu aliyesimama kando ya ile taa humwoni kabisa hata kama yuko hatua chache tu. Kwa mwanga wa kawaida Jua linaizidi Mshtarii karibu mara bilioni moja, Dunia yetu mara bilioni kumi hivi. Ndo maana tunaanza na sayari changa na kubwa ambazo bado zina joto la kuzaliwa kwao. HR 8799 ina umri wa miaka milioni 30 au 40 hivi tu, sayari zake zina uzito wa Mshtarii mara tano mpaka kumi hivi, na zina moto wa mamia ya nyuzi, kwa hiyo kwenye infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho, zinawaka zenyewe na tofauti inashuka mpaka makumi ya maelfu. Bado ni kubwa lakini inapiganika.

Hewa inayotetema juu ya darubini tunaituliza kwa kioo laini kinachojikunja mamia ya mara kila sekunde, alafu nyota tunaiziba kwa koronagrafu, kifaa alichokibuni Mfaransa Bernard Lyot miaka ya 1930 ili aone taji la Jua, ile hewa yake ya nje kabisa, bila kusubiri kupatwa kwa Jua.

Sasa hapo ndo penye kazi. Hata ukiziba, mwanga wa nyota unavuja na kutapakaa kama madoa mengi madogo, na doa moja ukilitazama peke yake ni sayari kabisa, ukubwa uleule, umbo lilelile. Mengine yanatokana na kasoro ndogo mno kwenye vioo na yanakaa palepale hata nusu saa nzima, kwa hiyo ukisema upige picha nyingi ujumlishe, na yenyewe yanajumlishika.

Dawa yake, ambayo Christian Marois na wenzake waliieleza mwaka 2006, mimi naipenda sana. Kwa kawaida darubini kubwa inazungusha kamera ili anga ibaki wima muda wote. Sisi hapo tunaacha anga izunguke ndani ya picha kadiri nyota inavyopita juu. Madoa ni ya darubini, kwa hiyo yanabaki. Sayari ni ya anga, kwa hiyo inasogea. Na HR 8799 ukiwa Hawaii, zilipo darubini za Keck na Gemini Kaskazini, inapita karibu utosini kabisa, hapo anga inageuka haraka sana. Hivyo ndo Marois na wenzake walivyopata sayari tatu wakazitangaza 2008.

Nikiwa kwenye kompyuta nafungua fremu ya kwanza, ni madoa tupu kama kidimbwi kinachonyeshewa. Kwa kila pikseli nachukua thamani ya kati ya fremu zote, sayari kwa kuwa haikutulia sehemu moja inapotea, yanabaki madoa. Hiyo naitoa kwenye kila fremu, kila fremu naigeuza kaskazini iwe juu, alafu nazijumlisha. Nukta inatokea, na pembeni yake mabawa mawili meusi, moja huku moja huku, kwa sababu kidogo ya mwanga wake uliingia kwenye ile thamani ya kati ukajitoa wenyewe. Mimi macho yangu yanaenda kwenye mabawa kwanza. Sayari iliyo karibu na nyota inasogea pikseli chache tu kwa hiyo inajila zaidi, na ya ndani kabisa kwenye HR 8799, ile e (sayari hizi tunaziita kwa herufi), ilikuja kutangazwa 2010.

Na mabawa peke yake hayatoshi. Nilishawahi kuwa na nukta safi kabisa, mabawa yapo, nikaishi nayo zaidi ya mwaka, tulipopiga tena nyota yetu ikawa imesogea angani na ile nukta imebaki nyuma. Ilikuwa nyota ya mbali huko. Iliniuma kwa kweli. Sayari lazima isafiri na nyota yake, na ukiwa na subira utaiona inaizunguka kabisa, e inamaliza mzunguko kwa miaka kama 50.

Kinachonifanya nisifute data ghafi hata siku moja ni hiki: mwaka 1998 darubini ya angani ya Hubble iliipiga HR 8799, picha zikakaa kwenye hifadhi, na 2009 David Lafrenière na wenzake wakazisafisha upya kwa njia mpya, sayari b ilikuwemo muda wote huo! Miaka kumi imelala ndani ya faili. Na mwaka 2025 darubini ya Webb ikaonyesha kaboni dioksaidi kwenye hizo hizo sayari, yaani tumetoka kwenye nukta tunaongelea hewa yake.

Saa hizi kompyuta yangu inazungusha fremu za nyota moja zilizopigwa miaka mingi iliyopita. Ikimaliza naanza na mabawa.